Jinsi ya Kuwavutia Ndege wa Porini Bustanini Kwako: Mwongozo Kamili

Mtu akitaka ndege wajae bustanini, wazo la kwanza linalomjia ni kutundika chombo cha nafaka. Si vibaya, ila ni kuanzia mwisho. Punje huwaita wala punje: shomoro, kwera, chiriku, tetere. Chozi anayefyonza nekta hatazigusa. Keremkerem anayedaka nyuki angani hana habari nazo, wala mbayuwayu. Na hata hao wala punje, wengi wao wakishatotoa huziacha wakahangaikia wadudu, kwa kuwa kinda anayekua kwa kasi anataka protini na majimaji ambayo punje kavu haina. Njiwa na tetere ndio wenye utaratibu wao: hutengeneza kooni ute mzito wenye mafuta na protini, wakawalisha wanao huo.

Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa umuhimu wake. Nafaka iko hatua ya sita. Ukiishia ya tano, bado utapata ndege wengi, tena wa aina nyingi kuliko aliyeanza na nafaka akaishia hapo hapo.

Hatua ya 1: Tazama kabla ya kugusa chochote

Toka alfajiri, saa ile ya kwanza baada ya jua kuchomoza, kwa siku kadhaa. Ndege wengi hula kwa pupa asubuhi baada ya usiku wa njaa, hutulia mchana jua linapowaka, kisha huchangamka tena jioni. Andika wanaopita, wanaotua, na wanatua wapi. Mti gani unapendwa? Nani anaonekana kwa jirani lakini kwako haingii? Paka hupita njia ipi? Dirisha gani linaakisi anga?

Angalia midomo pia, maana mdomo hukuambia chakula. Mfupi na mnene ni wa kuvunja punje. Mwembamba wenye ncha ni wa kuokota wadudu. Mrefu uliopinda hufika kwenye kina cha ua. Kama majina yanakushinda, programu ya simu iitwayo Merlin Bird ID, ya Cornell Lab of Ornithology, ni ya bure na hutambua ndege wengi kwa sauti au kwa picha. Isikuzuie kutumia macho yako mwenyewe, lakini. Sauti ikifunikwa na kelele za magari hukosea.

Hatua ya 2: Acha kunyunyiza sumu

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na haikugharimu kitu. Bustani isiyo na wadudu ni bustani isiyo na chakula.

Kiasi cha wadudu wanaohitajika ni kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Huko Marekani kuna ndege mdogo aitwaye chickadee, mwenye uzito wa gramu kumi hivi. Kulea makinda wa kiota kimoja mpaka waruke, wazazi wake huhitaji viwavi 6,000 hadi 9,000. Mwaka 2018, Desirée Narango, Douglas Tallamy na Peter Marra walichapisha utafiti uliofanyika katika bustani za nyumba za watu eneo la Washington, D.C. Waligundua kwamba mahali ambapo mimea ya asili ilikuwa chini ya asilimia 70 ya mimea yote, ndege hao hawakuzaa vya kutosha kufidia waliokufa. Sababu ni hao hao viwavi. Mdudu aliyezoea mimea ya mahali fulani kwa maelfu ya miaka mara nyingi hawezi kula majani ya mti ulioletwa kutoka bara jingine, hata kama kwa macho yetu mti huo unapendeza.

Basi badala ya kupulizia dawa, viwavi wakizidi kwenye mmea unaoupenda sana waokote kwa mkono. Vidukari waondoe kwa mpira wa maji wenye nguvu. Waliobaki waachie ndege. Jani lenye matundu lisikutie aibu. Ni dalili kwamba jiko linawaka.

Zipo sumu mbili za kuzikwepa kwa namna ya pekee. Ya kwanza ni dawa za kuua wadudu za jamii ya neonikotinoidi, ambazo mara nyingine hupakwa kwenye mbegu kabla hazijauzwa. Mmea hufyonza dawa ukaisambaza hadi kwenye chavua na nekta, na ndege mdogo anayekula mbegu yenyewe anaweza kufa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya dawa tatu za jamii hiyo katika mashamba ya wazi mwaka 2018. Ukinunua mbegu zenye rangi ya ajabu, nyekundu au buluu, ujue zimepakwa kitu, usizimwage ovyo. Ya pili ni sumu ya panya. Panya aliyeila hafi papo hapo, huzubaa siku kadhaa, na ndipo bundi humkamata kirahisi. Bundi mmoja huondoa panya wengi kwa mwaka, kwa hiyo kumuua ni kujidhulumu mwenyewe.

Hatua ya 3: Weka maji

Kama una siku moja tu ya kushughulikia bustani, itumie hapa. Maji huwavuta hata ndege ambao hawatagusa nafaka yako kamwe: wanaokula wadudu, wanaokula matunda, wanaofyonza nekta. Si ya kunywa tu. Ndege huoga ili manyoya yake yabaki safi na yakae sawasawa mwilini, na manyoya yasipokaa sawa hawezi kuruka wala kujikinga na baridi.

Chombo chochote kipana na cha kina kifupi kinafaa: sahani ya kuwekea chungu cha maua, sinia kuukuu, kifuniko cha pipa kilichopinduliwa. Upana wa sentimita 30 hadi 60 unatosha. Kosa la kawaida ni kina. Maji yawe sentimita 2 hivi pembeni na yasizidi 5 katikati. Ndege mdogo haogelei. Akiona kina hakijulikani huondoka. Kama beseni lako lina kina kirefu, tia mawe mpaka mengine yachomoze juu ya maji, apate pa kusimama. Chombo kinachoteleza, kama cha plastiki laini au kigae, kiwekewe mchanga au kokoto chini ili kucha zipate kushika.

Mahali pa kukiweka panahitaji kufikiriwa. Ndege aliyelowa huruka kwa uzito, kwa hiyo anahitaji tawi karibu la kukimbilia na kujikaushia. Ila kichaka kikiwa kimegusana na beseni, paka atajificha humo. Mita 2 au 3 kutoka kwenye kichaka ni umbali mzuri: paka ataonekana akija, na ndege atafika majanini kabla hajakamatwa. Palipo na paka wengi, inua chombo juu ya nguzo ya mita moja hivi. Kivuli cha mchana ni bora, kwani maji ya moto hayaogeki.

Ukitaka kuwaita haraka zaidi, fanya maji yatoe sauti. Chukua chupa ya plastiki, itoboe tundu la sindano chini, ijaze, uitundike juu ya beseni ili idondoshe tone moja moja. Mdundo huo ndege huusikia kutoka mbali, na pia hutikisa uso wa maji ukametameta.

Badilisha maji kila siku ukiweza, au angalau kila baada ya siku 2. Kwenye joto, mbu hukua kutoka yai hadi kuruka kwa takriban siku 7 hadi 10, kwa hiyo anayemwaga maji kwa wakati hana cha kuhofia. Sugua utelezi wa kijani kwa brashi, bila sabuni. Mahali panapoganda barafu, yeyusha kwa maji ya uvuguvugu; chumvi na kemikali za kuzuia kuganda ni sumu.

Hatua ya 4: Panda kwa tabaka

Ndege hawatumii bustani kwa usawa mmoja. Wengine hukaa kileleni wakiimba, wengine hujificha kati ya vichaka, wengine hupekua majani makavu chini. Bustani ya nyasi zilizokatwa fupi na mti mmoja katikati, kwao ni uwanja mtupu. Unachotaka ni ngazi: miti, chini yake miti midogo na vichaka, kisha maua na majani marefu, kisha ardhi yenye kivuli.

Anza na mimea ya asili ya mahali ulipo. Tembelea pori lililo karibu ama kingo za mto, uone kinachoota bila kumwagiliwa, halafu uulize kitalu kama wanacho. Katika kuchagua, fikiria mwaka mzima badala ya msimu mmoja. Mti unaozaa matunda wakati mingine imemaliza una thamani mara mbili.

Wafyonza nekta huvutwa na maua yenye umbo la mrija, hasa mekundu na ya machungwa. Mishubiri, miongoni mwa mimea yenye asili ya Afrika, Uarabuni na Madagaska, hutoa maua hayo nyakati za ukame ambapo mengine yamekauka. Miti ya jenasi ya Erythrina huchanua nyekundu katika nchi za joto za mabara mengi. Kwa upande wa Amerika, ambako wafyonza nekta ni ndege wavumaji waitwao hummingbird, mimea ya maua ya jenasi ya Salvia hufanya kazi hiyo hiyo. Panda kundi la mimea 3 au 5 ya aina moja pamoja. Mmoja uliojitenga hauonekani kwa urahisi kutoka angani.

Kwa wala punje, acha sehemu ya majani yazae mbegu na yakauke yakiwa yamesimama. Alizeti iliyokauka usiing'oe. Kwa wenye viota, kichaka chenye miiba ni ngome ambayo hakuna chombo cha dukani kinachoweza kuishinda.

Na tahadhari moja: si kila mmea wanaoupenda ndege unafaa. Lantana camara, yenye asili ya Amerika, ina matunda ambayo ndege huyafurahia, na ndiyo maana imevamia malisho na misitu sehemu nyingi za dunia: ndege huimeza mbegu, huidondosha mbali, nayo huota. Kabla ya kupanda kitu kigeni chenye matunda madogo, ulizia kama kinajulikana kwa uvamizi.

Asiye na ardhi asikate tamaa. Vyungu vitatu vya maua yenye nekta na sahani ya maji kwenye roshani huweza kumleta chozi hadi ghorofa ya tatu.

Hatua ya 5: Punguza usafi

Majani makavu yaliyoanguka yasukume chini ya vichaka badala ya kuyachoma. Humo hukaa mbawakavu, buibui na minyoo. Gogo linalooza weka kona. Tawi lililokufa mtini, kama haliwezi kumwangukia mtu, liache: kigogota hulitoboa, na baadaye ndege wengine huhamia katika tundu aliloliacha. Utando wa buibui nao usiufagie wote, kwani chozi huutumia kushikanisha kiota chake. Kiraka cha tope kinachobaki na unyevu wakati wa kiangazi huwafaa mbayuwayu wanaojenga kwa udongo.

Usikate ua wala kupogoa kabla ya kuchungulia kama kuna kiota kinachotumika. Katika nchi nyingi kukiharibu ni kosa la jinai.

Hatua ya 6: Sasa ndiyo nafaka

Uwele, mtama na mbegu za alizeti zitawaridhisha wengi. Karanga zinafaa zikiwa mbichi au zimekaushwa bila chumvi, na zivunjwevunjwe, hasa msimu wa makinda, kwa kuwa nzima zinaweza kumkaba kinda. Matunda yaliyoiva sana, kama papai au ndizi iliyokatwa ikachomekwa kwenye msumari wa ubao, huita wasiojali punje.

Visivyofaa: chochote chenye chumvi, mafuta yaliyokaangiwa, maziwa, chokoleti, parachichi. Mkate hushibisha bila kulisha. Kibaya kuliko vyote ni nafaka au karanga zilizoota ukungu. Kuvu aina ya Aspergillus flavus hutoa sumukuvu, na ndege ni wepesi kudhurika nayo. Ikinuka uvundo, tupa.

Weka kidogo, kiasi cha kuisha kabla ya giza. Kinachobaki usiku ni karamu ya panya. Hapa kuna jambo ambalo hunifurahisha kila nikilikumbuka: ndege hawahisi ukali wa pilipili. Kipokezi cha neva kinachotufanya sisi na panya tuungue mdomo, kwao hakiitikii kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali wake. Kwa hiyo unga wa pilipili ukichanganywa kwenye nafaka humfukuza panya, na ndege huendelea kula kana kwamba hakuna kilichoongezwa. Fumba macho tu unapochanganya.

Usafi ndipo wengi wanapoharibu, na hapa sitalegeza. Chombo cha kulishia hukusanya ndege wengi mahali pamoja kuliko ilivyo porini, wakichangia mate na kinyesi. Nchini Uingereza, trikomonosisi, ugonjwa wa vimelea unaoshambulia koo, ulianza kuonekana kwa ndege wa jamii ya chiriku mwaka 2005, ukaenea hasa kwenye sehemu za kulishia na kunyweshea. Chloris chloris, chiriku wa kijani aliyekuwa wa kawaida kabisa bustanini, alipungua hata mwaka 2021 akaingizwa kwenye orodha nyekundu ya nchi hiyo, yaani ya ndege wanaohitaji kulindwa zaidi. Osha chombo angalau kila wiki 2, na kila wiki wakati wa mvua au joto kali: sugua, loweka katika mchanganyiko wa sehemu 1 ya dawa ya klorini kwa sehemu 9 za maji, suuza sana, kausha juani. Hamisha mahali pake mara kwa mara ili kinyesi kisirundikane chini. Ukiona ndege aliyevimba manyoya, mzito, anayemeza kwa shida, ondoa chakula na maji kwa wiki 2 au zaidi ili watawanyike.

Maji ya sukari kwa wafyonza nekta yanawezekana: sehemu 1 ya sukari nyeupe kwa 4 za maji, bila rangi, bila asali maana huchacha na kuotesha kuvu. Hubadilishwa kila siku 2 kwenye joto. Binafsi naona mshubiri mmoja hufanya kazi hiyo bila kuoshwa.

Hatua ya 7: Kisanduku cha kiota

Kinawafaa tu ndege wanaozaa kwenye matundu. Chozi na kwera hawatakitazama. Tumia mbao zisizopakwa dawa, zenye unene wa milimita 15 au zaidi ili joto lisipenye. Sakafu ya sentimita 12 kwa 15 inatosha kwa ndege wadogo, yenye vitundu vya kutolea maji, na kifuniko kilichoinamia mbele.

Tundu la kuingilia ndilo linaloamua mpangaji. Kwa shomoro milimita 32 zinatosha; kwa kuzi wa ukubwa wa kawaida, 45. Liwe angalau sentimita 12 juu ya sakafu, ili makono ya paka yasifike. Usiweke kijiti cha kutulia mbele ya tundu, hata kama vya dukani vinacho. Ndege hakihitaji, bali adui hukisimamia. Kisanduku kitundike mita 2 hadi 4 kutoka chini, kikipa mgongo jua la mchana na upande mvua inakotoka. Msimu ukiisha, ondoa kiota kikuukuu, kisha kisanduku ukimwagie maji yachemkayo kuua utitiri.

Hatua ya 8: Paka na vioo

Ukiwaita ndege halafu ukawaacha wauawe, umetega mtego. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013 yalisema paka huua ndege bilioni 1.3 hadi 4 kila mwaka Marekani peke yake. Paka wako abaki ndani, au angalau asitoke alfajiri na jioni. Kengele shingoni husaidia kiasi, ila kinda asiyejua kuruka hata akiisikia hana pa kwenda.

Vioo huua kimya kimya. Ndege huona mti ulioakisiwa akauendea kwa kasi. Picha moja ya mwewe iliyobandikwa katikati ya dirisha haifanyi lolote. Kinachofaa ni madoa au mistari iliyojaa kioo kizima, upande wa nje, isiyoachana kwa zaidi ya sentimita 5. Chombo cha chakula kiwe karibu sana na dirisha, chini ya mita 1, ndege asipate mwendo wa kujiumiza, ama kiwe mbali zaidi ya mita 10. Aliyegonga na kuzubaa mtie kwenye boksi lenye matundu ya hewa, mahali penye giza na utulivu, bila chakula wala maji, kisha mwachie nje baada ya saa moja au mbili. Asipopata nguvu, mpeleke kwa daktari wa wanyama.

Yatakayokutatiza baadaye

Kunguru na ndege wengine wakubwa watapora chakula. Zungushia chombo wavu wenye matundu ambayo wadogo tu wanapita.

Utakuta kinda chini. Akiwa na manyoya na anarukaruka, mwache, wazazi wanamlisha. Kama paka yuko karibu, msogeze kichakani. Akiwa uchi, mrudishe kiotani ukikiona. Kusema kwamba mama humkataa kinda aliyeguswa na mtu si kweli.

Ndege mmoja anaweza kulipiga dirisha kwa mdomo siku nzima. Anapigana na taswira yake akidhani ni mpinzani msimu wa kuzaa. Funika kioo hicho kwa nje kwa wiki chache.

Maji huanza kuleta wageni ndani ya siku chache hadi wiki kadhaa, vichaka huhitaji msimu au miwili, miti, miaka. Ukiona wamepungua ghafla, huenda msimu wa matunda porini umefika, au mwewe amegundua bustani yako. Mwewe naye ni ndege wa porini, usimtupie mawe. Ondoa chakula kwa wiki moja, acha maji, wadogo watawanyike, naye atahamia kwingine kuwinda.